HEDI YA MOTAKAA ILIYOHARIBIKA: JINSI YA KUITAMBUA NA KUITENGENEZA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee waliotunga methali hii walikuwa wakifikiri nyumba za udongo, wala hawakuwa na motakaa. Walakini maneno yao yamfaa sana mtu mwenye motakaa au lori, kwa sababu iko sehemu moja ya injini ambayo hupasuka kama ukuta, na kupasuka kwake huanza kwa jambo dogo ambalo mwenyewe aliliona akalipuuza. Sehemu hiyo ni silinda hedi, na mafundi hufupisha jina lake wakaiita hedi.

Habari za hedi haziwahusu madereva peke yao. Lori la chama cha wakulima likiharibika hedi wakati wa mavuno, pamba hulala ghalani, na nyanya huoza katika matenga kando ya njia. Wenye lori hutoa fedha nyingi likatengenezwa, na mara nyingi kabla ya miezi miwili kupita hedi huharibika tena. Hapo mwenye lori humlaumu fundi, na fundi hulaumu kipuri. Basi somo letu lina neno moja kubwa, na yafaa msomaji alishike tangu mwanzo: hedi haiharibiki yenyewe. Huharibiwa na joto, na joto hilo lina asili yake. Fundi atengenezaye hedi asitafute asili ya joto amefanya nusu ya kazi tu, naye hana budi kuifanya tena.

1. HEDI NI KITU GANI

Ndani ya bloki ya injini mna matundu makubwa ya mviringo yaitwayo silinda, na katika kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Hedi ni kifuniko kizito kinachofunika silinda hizo kwa juu. Ndani yake mna valvu za kuingiza hewa na valvu za kutoa moshi, matundu ya plagi, au ya nozeli ikiwa injini ni ya dizeli, tena mna njia za maji na njia za oili.

Kati ya hedi na bloki huwekwa gasketi, nayo ni bamba jembamba lenye matundu yanayolingana na yale ya bloki. Gasketi ina kazi tatu kwa wakati mmoja: kuzuia moto usitoke katika silinda, kuzuia maji yasitoke katika njia zake, na kuzuia oili isitoke katika njia zake. Vitu hivi vitatu ni majirani wa karibu sana; pengine nafasi iliyo kati yao haifiki upana wa kidole. Wakivunja mpaka na kuchanganyika, injini huugua.

Zamani injini nyingi zilisubiwa hedi na bloki zikiwa kipande kimoja, na kutengeneza valvu kulikuwa kazi ya taabu. Motakaa ya Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza zilizoundwa kwa wingi zikiwa na hedi ya kufunguliwa. Tangu hapo fundi aliweza kuondoa kifuniko na kutazama ndani. Lakini kila faida ina gharama yake: penye kiungo ndipo penye mlango wa kuvuja.

2. JINSI JOTO LINAVYOHARIBU HEDI

Petroli au dizeli ikiwaka ndani ya silinda, moto wake hupita digrii 2,000 za Sentigredi kwa kitambo kidogo mno. Alumini, ambayo hedi nyingi za siku hizi zimeundwa kwayo, huyeyuka kwa digrii 660 tu. Basi kwa nini hedi haiyeyuki? Kwa sababu maji yanazunguka ndani yake bila kupumzika, yakilichukua joto na kulipeleka katika rejeta, ambako upepo huliondoa. Kiasi cha theluthi moja ya joto lote la mafuta huondoka kwa njia hiyo. Maji yakikosekana hata dakika chache, hedi haina mlinzi.

Tena yako mambo ya kutanuka. Kila chuma kikipata moto hutanuka, na alumini hutanuka mara mbili kuliko chuma cha kusubu. Tuchukue hedi ya alumini yenye urefu wa milimita 500. Ikitoka digrii 20 za asubuhi mpaka digrii 90 za kazi, hurefuka kwa kiasi cha milimita 0.8. Bloki ya chuma iliyo chini yake hurefuka kwa karibu milimita 0.4 tu. Waundaji wa injini walilijua jambo hili, wakapima gasketi na bolti kwa kadiri yake. Lakini joto likizidi mno, hedi hutaka kurefuka na bolti zinaizuia. Isipopata pa kwenda, hujikunja katikati kama ubao mbichi uliowekwa juani. Ikipoa, hairudi tena kuwa kama ilivyokuwa. Gasketi hubaki bila mgandamizo mahali pale palipoinuka, na moto hupenya.

Wasomaji wanaokaa nchi za juu wajue jambo lingine. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini kila mtu apandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa kiasi cha digrii moja. Mbeya, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji katika sufuria huchemka kwa kiasi cha digrii 94. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kifuniko cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kina springi inayobana maji, na maji yaliyobanwa hukawia kuchemka. Kifuniko kizima chaweza kuyafanya yapite digrii 110 bila kuchemka hata juu ya mlima. Dereva aliyepoteza kifuniko akaziba rejeta kwa kitambaa amejinyima ulinzi huo, na lori lake litachemka katika mwinuko ambao lori la mwenzake lapanda bila taabu. Tazama kupanda Kitonga katika njia ya kutoka Morogoro kwenda Iringa: gari hutoka katika joto la bonde la Ruaha Mbuyuni, na papo hapo huanza kupanda kwa gia ndogo, mzigo mzito, na upepo haba. Mahali kama hapo ndipo hedi dhaifu hujulikana.

3. MOTAKAA IKICHEMKA NJIANI

Hedi nyingi hazikufa kwa sababu ya kuchemka, bali kwa sababu ya yale yaliyofanywa na dereva baada ya kuchemka.

Mshale wa joto ukipanda kupita kawaida yake, simama. Usiseme, "Kijiji ki karibu." Maili mbili za mwisho ndizo zilizowamaliza wengi. Tena ujihadhari na hila moja ya mshale: kipimo cha joto hupima maji, na maji yakiisha kabisa kipimo hubaki hewani, na mshale waweza kushuka. Dereva hufurahi akidhani injini imepoa, kumbe inaungua.

Ikiwa mvuke unatoka, zima injini, funua boneti, ungoja. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa ghafla huruka kwa nguvu yakiwa mvuke, na watu wengi wameungua uso na macho kwa haraka ya dakika moja. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuumia. Ndipo ushike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukizungushe kidogo, uache pumzi itoke, halafu ukifungue.

Wala usimwage maji ya baridi katika injini yenye moto iliyokauka. Chungu kilichotoka mekoni kikimwagiwa maji ya kisima hupasuka, na hedi hupasuka vivyo hivyo. Ngoja ipoe, kisha tia maji polepole, na yakiwa ya vuguvugu ni bora zaidi.

4. DALILI ZA HEDI AU GASKETI MBOVU

Hizi ndizo dalili ambazo mwenye gari aweza kuziona bila kufungua bolti hata moja:

(a) Maji ya rejeta hupungua kila siku, wala hakuna tone lililoanguka chini.

(b) Moshi mweupe mzito hutoka katika ekzosi hata baada ya injini kupata moto. Mvuke kidogo asubuhi ya baridi si ugonjwa. Usiokoma ndio ugonjwa.

(c) Oili imegeuka rangi, imekuwa kama maziwa au chai ya maziwa. Tazama kijiti cha kupimia. Utando mdogo chini ya kifuniko cha kutilia oili peke yake si ushahidi wa kutosha, hasa katika nchi za baridi na kwa gari linalokwenda safari fupi fupi.

(d) Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu kama jiwe mara tu injini iwashwapo, kabla maji hayajapata moto. Mgandamizo huo hautoki katika maji, umetoka katika silinda.

(e) Injini hutetemeka na kukosa nguvu, hasa asubuhi, kwa kuwa maji yalivuja usiku yakaingia katika silinda moja.

(f) Injini hukataa kabisa kuzunguka ijapokuwa betri ni nzima. Hapo usilazimishe, wala usisukume gari. Yamkini silinda imejaa maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Mkono wa pistoni utapinda. Toa plagi zote kwanza, ndipo uzungushe injini, maji yaruke nje.

Dalili moja si hukumu. Maji yaweza kupungua kwa pampu inayovuja, na nguvu yaweza kupungua kwa plagi mbovu. Ndiyo sababu vipimo vinatakiwa.

5. VIPIMO KABLA YA KUFUNGUA

Kipimo cha mapovu. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta mpaka shingoni, uvue mkanda wa feni ikiwa ndio uzungushao pampu ya maji, ili maji yatulie. Washa injini, ukanyage mafuta kidogo, utazame. Mapovu yakija mfululizo, moshi wa silinda unaingia katika maji. Usizidishe dakika moja, maana maji hayazunguki.

Kipimo cha rangi. Kiko chombo kidogo cha kioo chenye dawa ya buluu, ambacho huwekwa penye shingo ya rejeta. Hewa ya rejeta hupitishwa katika dawa hiyo. Ikiwa ina moshi wa injini, rangi ya buluu hugeuka kuwa ya manjano.

Kipimo cha mgandamizo. Toa plagi zote, funga geji katika tundu la silinda ya kwanza, mtu mwingine akanyage mafuta mpaka mwisho na kuzungusha injini kwa stata. Andika hesabu, kisha uendelee mpaka silinda ya mwisho. Injini nyingi za petroli zilizo nzima hufika kilo 10 hadi 13 kwa kila sentimita mraba. Za dizeli huzidi mara mbili, nazo hutaka geji yake maalumu. Lakini hesabu yenyewe si kitu kikubwa kama tofauti. Silinda tatu zikiwa na 12 na moja ina 6, ugonjwa u katika hiyo moja. Injini ikiwa ya petroli, tia kijiko kimoja cha oili katika silinda hiyo, upime tena: hesabu ikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, isipopanda, kosa li katika valvu au gasketi. Na silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, karibu kila mara gasketi imeungua katikati yao.

6. TAFUTA ASILI YA JOTO

Hapa ndipo mafundi wengi huruka. Kabla ya kushika spana, jiulize: ni kitu gani kilichoipa hedi hii joto?

Tazama rejeta. Mashimo yake ya maji huzibwa na kutu na chokaa, na kwa nje huzibwa na tope, mbegu za majani na wadudu. Ikiwa injini ina moto na sehemu moja ya rejeta ni baridi, sehemu hiyo imeziba. Tazama mkanda wa feni, kama umelegea. Tazama mipira, kama imelainika ikajibana wakati wa mwendo. Tazama pampu, kama mapanga yake yameliwa na kutu. Tazama kifuniko, kama springi yake imechoka.

Kisha tazama termostati, kile kilango kinachofunguka chenyewe maji yapatapo moto. Wako watu wengi wanaoiondoa na kuitupa, wakidhani kwamba njia wazi hupoza zaidi. Katika injini nyingi dhana hii ni kosa. Termostati ikifunguka, huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji katika injini bila kupita rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupoa. Kuijaribu ni rahisi: ining'inize kwa uzi katika sufuria ya maji juu ya moto. Iliyo nzima hufunguka karibu na digrii zilizoandikwa juu yake, nazo mara nyingi ni 82 au 88, yaani kabla maji hayajachemka.

Mwisho, tazama maji yenyewe. Maji ya mto na ya kisima cha chumvi huacha ukoko kama ule wa birika, na ukoko huzuia joto lisitoke. Yafaa kutia dawa ya rejeta iliyoagizwa na kitabu cha gari, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Mtu asiye na mengine atumie maji ya mvua yaliyochujwa. Wako watiao unga, binzari au yai ili kuziba tundu. Vitu hivyo haviichagui njia. Huziba tundu la kuvuja na huziba rejeta pia.

7. KUFUNGUA HEDI

Usifungue hedi yenye moto. Acha ilale usiku mzima. Vua waya wa betri, ukamue maji ya rejeta na ya bloki. Weka alama katika waya na mipira yote. Ikiwa injini ina cheni au mkanda wa kuzungusha kemshafti, hakikisha alama za taimingi kabla ya kuutoa.

Bolti za hedi hulegezwa kwa utaratibu, kuanzia za pembeni kuingia katikati, kila moja robo mzunguko, kisha kurudia. Fundi alegezaye bolti moja mpaka mwisho na kuiacha ya pili imekaza huipinda hedi kwa mkono wake mwenyewe. Vipande vilivyotolewa vipangwe kwa zamu yake. Kipande cha boksi kilichotobolewa matundu na kuandikwa namba chatosha. Hedi ikigoma kutoka, igonge kwa gogo au nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kati ya hedi na bloki. Ikitoka, ilaze juu ya mbao, uso wake usiguse sakafu.

Sasa usiharakie kuosha. Soma kwanza. Gasketi huonyesha kwa mstari mweusi mahali moto ulipopita. Pistoni zilizo kavu huwa na masizi; pistoni iliyokuwa ikipata maji huwa safi kama iliyooshwa, kwa kuwa mvuke umeisugua. Ukiosha kwanza, umemfukuza shahidi kabla ya kumwuliza.

Jihadhari katika kukwangua gasketi kuukuu. Gasketi nyingi za zamani zilitiwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani limethibitisha ya kuwa aina zote za asbesto huleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999. Basi usikwangue gasketi ya namna hiyo ikiwa kavu, wala usiipulizie upepo. Ilowanishe, uitoe kwa kikwangulio cha mti, taka zake uzifunge katika mfuko, na watoto wakae mbali.

8. KUPIMA UBAPA NA NYUFA

Vifaa vinavyotakiwa ni rula ya chuma iliyonyoka kweli kweli, na vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ambavyo mafundi huviita fila. Simamisha rula juu ya uso wa hedi kwa njia sita: mbili kwa urefu pembeni, mbili kwa upana, na mbili kwa mshazari kutoka pembe hata pembe. Kila mara jaribu kupitisha fila chini ya rula. Vitabu vingi vya motakaa ndogo huruhusu milimita 0.05 hadi 0.10 tu, na kila injini ina hesabu yake. Karatasi ya kuandikia ina unene wa kiasi cha milimita 0.1, basi msomaji aweza kuona jinsi kosa dogo linavyotosha kuharibu injini. Uso wa bloki nao upimwe vivyo hivyo, maana hedi iliyonyoka juu ya bloki iliyopinda haina faida.

Nyufa hutafutwa hasa kati ya valvu mbili za silinda moja, na kuzunguka tundu la plagi. Karakana kubwa hutumia dawa nyekundu ya kupenya na poda nyeupe ya kufichua. Mahali pasipo na dawa hizo iko njia ya kale: safisha hedi, ipake mafuta ya taa, ngoja yapenye, uifute mpaka ikauke, kisha uipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha katika ufa hutoka polepole na kuchora mstari katika chaki. Lakini ufa ulio ndani ya njia za maji hauonekani kwa njia hizi. Huo hutafutwa karakana, ambako matundu ya maji huzibwa, hedi hujazwa hewa, nayo huzamishwa katika maji ya moto. Mapovu huonyesha mahali.

9. KUTENGENEZA AU KUTUPA

Hedi iliyopinda kidogo hupelekwa kwa fundi wa mashine akaichonge uso. Usikubali isuguliwe kwa msasa uliofungwa katika kipande cha ubao. Uso utang'aa, lakini hautakuwa bapa. Tena kuchonga kuna kikomo. Kila unapopunguza, chumba cha moto huwa kidogo, mgandamizo huzidi, na valvu husogea karibu na pistoni. Hedi nyingi za dizeli haziruhusiwi kuchongwa kabisa, au hutaka gasketi nene zaidi baada ya kuchongwa. Kitabu cha injini ndicho hakimu.

Hedi yenye kemshafti juu yake ikipinda, matundu ya kemshafti nayo yamepinda. Kuchonga uso wa chini hakuyanyoshi. Fundi hodari huinyosha hedi kwanza kwa joto la kadiri, imefungwa juu ya bamba nene la chuma, ndipo aichonge.

Ufa katika hedi ya alumini waweza kuunganishwa kwa gesi ya argoni, hedi ikiwa imepashwa moto kabla. Ufa wa chuma cha kusubu waweza kushonwa kwa pini za chuma bila moto. Kazi zote mbili ni za bingwa. Ufa uliokata kiti cha valvu, au uliofika njia ya oili, mara nyingi hugharimu kuuziba kuliko kununua hedi nyingine. Na anunuaye hedi kuukuu asidanganywe na usafi wake: aipime ubapa na nyufa kabla ya kutoa fedha.

Maadam hedi i mezani, tazama valvu. Mimina mafuta ya taa katika matundu ya hewa na ya moshi. Yakivuja upande wa chumba cha moto, valvu hazifungi. Hizo husagwa kwa dawa yake mpaka kiti kionyeshe duara moja la kijivu lisilokatika.

10. KURUDISHA HEDI

Gasketi iwe mpya daima. Matundu ya bolti katika bloki yasafishwe na kukaushwa. Tundu lisilopenya likiwa na maji au oili, bolti ikikazwa haitapata nafasi, na bloki yaweza kupasuka. Baadhi ya bolti za siku hizi huundwa zivutike mara moja tu, hizo zisirudiwe.

Kukaza huanza katikati na kwenda nje kwa kuzunguka, kwa awamu tatu: kwanza nguvu kidogo, kisha zaidi, kisha kamili. Kwa njia hiyo gasketi hulainishwa kutoka katikati kama mtu anyoshavyo mkeka. Nguvu ipimwe kwa spana yenye kipimo. Asiyekuwa nayo aazime. Na akikosa kabisa, mizani ya kuvuta yaweza kumsaidia. Kitabu kikiagiza kilo 8 za mita, maana yake ni uzito wa kilo 8 ukivuta mwisho wa mkono wa mita moja, au kilo 16 ukivuta mkono wa nusu mita. Funga mizani katika mkono wa spana, nusu mita kutoka katikati ya bolti, uvute kwa pembe mraba mpaka mizani isome 16. Bolti ambazo kitabu kinaagiza zimalizwe kwa kuzungushwa digrii fulani, zifuate kitabu.

Kisha rekebisha nafasi za valvu, tia oili mpya na filta mpya, ujaze maji polepole ili hewa itoke. Washa, uache injini ipate moto huku ukitazama mshale na viungo vyote. Siku ya kwanza usipakie mzigo. Kesho yake, injini ikiwa baridi, pima maji na oili tena. Ikiwa oili ilichanganyika na maji, ibadilishe mara ya pili baada ya kilomita mia chache. Gasketi za namna ya kale hutaka bolti zikazwe tena baada ya injini kupata moto. Nyingi za siku hizi hazitaki.

11. MANENO YA MWISHO

Mwenye lori anapopokea gari lake, asiulize bei peke yake. Amwulize fundi maswali matatu: Hedi ilipinda kiasi gani? Ufa ulitafutwa kwa njia gani? Na joto lilitoka wapi? Fundi mwema hataudhika; atatoa daftari na kuonyesha hesabu alizoandika. Asiyeweza kujibu swali la tatu hajamaliza kazi, hata ikiwa injini inanguruma vizuri siku hiyo. Na dereva naye, kila asubuhi kabla ya kuwasha, atazame maji, oili na mkanda. Ni kazi ya dakika mbili, nayo yaweza kuokoa mavuno ya kijiji kizima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mshale wa joto waweza kushuka wakati maji yamekwisha?
2. Silinda ya pili na ya tatu zina mgandamizo mdogo, nyingine ni nzima. Wadhani kosa li wapi?
3. Taja hasara ya kuondoa termostati.
4. Bolti za hedi hulegezwa kuanzia wapi, na hukazwa kuanzia wapi? Eleza sababu.
5. Umefungua hedi ukaona pistoni moja ni safi kuliko zote. Yakuambia nini?